Siku Tisa Nilizokuwa Marehemu

Mtakaosoma haya, mnivumilie. Nimesoma mpaka darasa la saba, na mwalimu wangu alikuwa akisema mwandiko wangu unafanana na nyayo za kuku waliofukuzwa. Tangu mkono wa kulia uvunjike, hata hao kuku wanachechemea. Tahajia nayo si nzuri. Mkikuta herufi imekosekana, isomeni hivyo hivyo kana kwamba ipo. Naandika mistari michache kwa siku, kisha napumzisha mkono.

Miaka ile ambayo kila mtu alikuwa ndugu na kila shamba lilikuwa letu sote, mimi niliajiriwa kivukoni Lindi, pale boti inapopakia watu wa kwenda ng'ambo. Kazi yangu ilikuwa kuangalia watu wasizame. Nilipewa filimbi, kamba, na mpira wa ndani wa tairi la lori uliojazwa upepo. Kazi hiyo ilinifaa sana, kwa sababu haina maneno mengi. Mimi tangu utotoni nina haya. Mtu akiniuliza jina langu ghafla, huwa nalitafuta kwanza. Mtu anayezama haulizi jina. Unamshika, unamvuta, yeye anashukuru Mungu, wewe unarudi kukaa.

Siku niliyoumia, aliyeanguka majini alikuwa mtani wangu. Ni mama wa rika la mama yangu, muuza mihogo mikavu na ufuta kutoka ng'ambo. Ukoo wake na ukoo wetu unataniana tangu huko Milola walikotoka wazee wetu. Wakifiwa wao, sisi ndio tunaoosha maiti na kuchimba kaburi. Tukifiwa sisi, wanaosha na kuchimba wao. Na kabla ya hapo, wote tukiwa bado hai, hakuna ruhusa ya kununa.

Alikanyaga ukingo wa boti badala ya ubao, akaingia majini na kikapu chake kichwani. Niliruka. Nilimshika kanga, nikamsukuma mpaka kwenye ngazi ya gati, watu wakamvuta juu. Mimi nilikuwa bado nimeshika ngazi kwa mkono wa kulia wimbi lilipoisogeza boti, nayo ikaubana mkono ule kwenye nguzo. Niliusikia mfupa kabla sijayasikia maumivu.

Mtani alipokwisha kutapika maji, swali lake la kwanza lilikuwa kikapu kiko wapi. La pili lilikuwa kwa nini nimembeba kama gunia la mkaa, yeye mwanamke aliyeolewa kwa ngoma. Gati zima lilicheka. Mimi nilicheka nao kidogo, halafu nikazimia.

Daktari aliufunga mkono plasta kuanzia kiganjani mpaka juu ya kiwiko, akaniandikia karatasi. Ilisema nimeumia nikiwa kazini, nipumzike majuma sita, mshahara uendelee kama kawaida, na nisionekane nikifanya kazi yoyote. Kila Alhamisi kadi yangu ya hospitali ifike ofisini kugongwa muhuri. Alhamisi ikipita bila kadi, mapumziko yanakatwa.

Mtaani kwetu Rasbura hakuna aliyewahi kusikia mtu akilipwa kwa kulala. Walikuja kutazama. Walisema wamekuja kunipa pole, lakini niliona wanavyouangalia mkeka wangu, kama wanaoangalia mashine mpya. Mzee mmoja alimwuliza mama kama ofisi ile inaajiri pia watu waliovunjika zamani, maana yeye ana goti la tangu vita vya Wajerumani.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mkali wa shamba la ujamaa. Kila Jumamosi alfajiri alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake, na kila alipofika kwetu aliuliza kwa upole kama bepari ameshaamka. Mama alimjibu kwamba bepari kalala chali kwa amri ya daktari. Balozi alisema anaelewa, ila mwaka huu kupe wamekuwa wengi na sasa wanakuja na vyeti. Kisha aliacha salamu nipone haraka, na nilijua anamaanisha kweli.

Siku moja aibu ilinizidi, nikashika ufagio kwa mkono wa kushoto. Jirani akaniita kutoka uani kwake, akasema niuweke chini, ama sivyo anakwenda ofisini kusema nimepona, na nafasi yangu ya kulala ataiomba yeye. Nikauweka chini.

Majuma mawili yalipita, mtani hajafika. Mama alianza kusema kwamba watu wengine hata ukiwatoa kwenye mdomo wa papa hawasemi ahsante. Mimi nilijua hawezi kuja hivi hivi. Mtani hawezi kuingia nyumbani kwako na pole tupu mkononi kama mtu baki. Lazima atafute la kukufanyia, na la kukufanyia huchukua muda.

Jumatatu ya juma la tatu tulisikia kilio kutoka mwanzo wa mtaa. Mama alitoka mbio kuangalia nani kafa. Aliyekufa nilikuwa mimi. Mtani alikuja amejipaka majivu usoni, kanga kaifunga kiunoni, nyuma yake wanawake wawili wa ukoo wao wamebeba mkeka na ndoo ya maji. Aliingia, akatandika mkeka, akaniambia nijilaze upesi kwa sababu hana siku nzima. Nikajilaza. Alinipima kwa kamba kutoka utosini mpaka kisiginoni, akaguna.

"Mrefu huyu. Nguo haitoshi, itabidi tumkunje miguu."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Lakini mtani alipofungua furushi lake, mama akaacha kucheka. Ndani mlikuwa na nguo ya marekani, mpya, nyeupe, ya kutosha sanda. Mwaka ule nguo ilikuwa adimu madukani hata kwa waliokufa kweli. Mama aliuliza imetoka wapi.

Mtani alisema imetoka ofisini kwetu. Njia yake kutoka kivukoni ilipita pale, naye hakuona sababu ya kusubiri mpaka Rasbura ndipo aanze kulia. Alisimama mlangoni mwa ofisi akalia kwamba mtani wake kafa, kamtoa majini kaingia yeye. Karani aliinuka, akampa pole, akafungua stoo, akamkatia nguo, akasema ni haki ya mfanyakazi aliyefariki kwa kuumia kazini. Mtani alisema katika maisha yake hajawahi kukutana na mtani wa serikali, na huyu anaujua utani kuliko wazee.

Tulimsifu sana yule karani siku hiyo.

Mama hakutaka sanda ilale kwenye nyumba yenye mgonjwa. Mtani akachana kipande, akakikunja pembe tatu, akanining'inizia mkono shingoni badala ya kamba ya hospitali iliyokuwa inanikata. Akasema, "Vaa sasa ukiwa unaiona. Wenzako wote huivaa wamefumba macho." Nguo iliyobaki akaondoka nayo, kwa kuwa kwetu vitu vya msiba huchukuliwa na watani.

Karani huyo alikuwa mgeni. Alitoka bara, mbali, na hakuwa amemaliza hata mwezi Lindi. Kwao utani upo pia, lakini alikuwa hajajua nani anamtania nani pwani hii. Alimwona mama mwenye majivu usoni, akasikia mtu wa kivukoni kafa, akaamini. Nisingemlaumu. Mimi pia nikiona majivu huamini.

Alhamisi ikafika. Kadi mbili za kwanza alizipeleka mama, mimi nikiwa nimesimama nje nyuma ya ukuta, maana nilionea haya plasta. Alhamisi hii mama alikuwa na zamu shambani kwa balozi, ikabidi niende mwenyewe. Nilisubiri ofisi iishe watu. Ilipoisha nikaingia, nikamwamkia karani, nikasema nimeleta kadi ya yule wa kivukoni aliyeumia mkono.

Nikiona haya huwa najitaja kama mtu mwingine. Ni tabia mbaya, ila nyumbani wameizoea.

Karani alisimama. Alizunguka meza, akaushika mkono wangu wa kushoto kwa mikono yake yote miwili. Alisema hakupata bahati ya kumjua marehemu, lakini kila aliyemwuliza kivukoni alimwambia alikuwa kijana mpole, hasikiki. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Wewe ni nani wake?" akauliza.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo. Lakini alikuwa amekwisha kunikalisha, amemtuma mtu chai, na mimi sijawahi kumlilia mtu kwa uchungu kama yeye alivyonililia mimi. Niliona kumwambia ukweli ni kumvunjia heshima.

Nikasema, "Mimi ni wa karibu."

Aliniuliza mkono umepatwa na nini. Nikasema kazini. Akatikisa kichwa, akasema familia yetu imelitumikia taifa kwa mifupa. Chai ilikuja, ina sukari, kitu ambacho kwetu tulikuwa tumekisahau. Nikanywa huku ananieleza taratibu. Mapumziko ya marehemu yamefungwa tangu Jumatatu, kwa sababu mapumziko ni ya mgonjwa na marehemu si mgonjwa tena. Mtu wa kuchukua nafasi yake kivukoni ameshapatikana, ataanza Jumatano ijayo. Akanisogezea karatasi ya kuthibitisha kwamba wafiwa wamearifiwa. Nikaweka dole gumba la kushoto.

Nilipofika barabarani ndipo nilipoanza kupiga hesabu. Baba alikwisha kufariki, na nyumba yetu ilikuwa inasimama kwa kazi ile. Mkono bado umo kwenye plasta, kazi inakwenda kwa mtu mwingine, na mimi mwenyewe nimetia dole kwamba nimekufa. Nikajiuliza ni nani atakayemwajiri mtu wa mkono mmoja anayeshindwa kusema yeye ni nani.

Nilimweleza mama usiku huo, kwa vipande. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kama chai ilikuwa na maziwa. Nikasema hapana. Akasema basi hata sikujiuza kwa bei nzuri.

Jumamosi asubuhi alimpelekea mtani habari. Mtani alikwenda ofisini anacheka, akarudi kwetu hacheki. Alikaa barazani, akavua ndala, akatazama miguu yake.  Karani alikuwa amemwambia, kwa adabu kabisa, kwamba Jumatatu alimlilia mtu kafa, leo anamchekea mtu yu hai, na yeye karani hana kitabu cha kuandika vicheko.

"Mtani," akaniambia, "nimekuua kweli."

Nilitaka kumjibu kwa utani, kama inavyopasa.  Badala yake nilimletea maji, akanywa.

Karani alitaka barua ya balozi kuthibitisha kwamba mtu huyu yu hai. Jumatatu mama alikwenda kuiomba. Balozi hakukataa. Aliandika kwa kalamu nzuri, akagonga muhuri, akambandikia bahasha. Mama hajui kusoma, na mimi kuifungua nikaona ni utovu wa adabu. Tulikuja kuisikia kesho yake ikisomwa mbele ya mkuu wa ofisi, aliyekuwa amerudi safari siku hiyo hiyo ya Jumanne. Ilikuwa siku ya tisa tangu kufa kwangu, na mtu mpya alikuwa anaanza kazi kesho yake.

Mkuu wa ofisi alikuwa mtu mzima wa pwani hii hii, mwenye tumbo la utulivu. Tuliingia wote, mama, mtani na mimi. Karani alikuwa na jalada mkononi. Tulimwamkia mkuu, akaitikia marahaba, akamwamuru karani aeleze. Karani alieleza vizuri bila kuongeza chumvi. Alieleza kilio, nguo, chai, dole gumba. Kisha akaisoma barua ya balozi. Ilisema kijana huyu anamfahamu, ni mkazi wake, yu hai, anakula, analala, anapumua vizuri, ila katika shamba la ujamaa hajaonekana tangu apate cheti.

Mkuu alitazama watu wote mle ndani mmoja mmoja.

"Marehemu ni nani hapa?"

Nikainua mkono wa kushoto.

Alijizuia kwa muda. Kisha bega moja likaanza kutikisika, likafuata la pili, akageukia dirishani akafuta macho kwa leso. Alipotugeukia tena alimwuliza mtani wanatoka ukoo gani. Mtani akamtajia. Akauliza na sisi. Mama akamtajia. Mkuu akamwambia karani kwamba kosa si lake. Mtu wa bara akiletwa huku apewe kwanza orodha ya watani, ndipo apewe funguo za stoo. Karani naye akacheka mwishowe, ila masikio yake yalikuwa yamewiva. Akanitazama, akasema kwa sauti ndogo kwamba pole aliyonipa hataki niirudishe. Nikamwambia ahsante.

Basi mkuu akaamua. Kazi ni yangu. Yule mtu mpya atatafutiwa kazi ghalani. Mapumziko yataendelea mpaka majuma sita yatimie. Mama alianza kumwombea dua.

Karani akakohoa. Alisema liko jambo moja, na analisema kwa kuwa ni wajibu wake. Zile siku tisa haziwezi kuhesabiwa. Katika vitabu nilikuwa marehemu, wafiwa wamearifiwa, dole lipo. Marehemu hawezi kuwa kwenye mapumziko ya kuumia. Akiziandika, wakaguzi watauliza ofisi inampumzisha vipi maiti. Mkuu alikuna kidevu. Niliona anamwelewa. Ilikuwa karibu na saa ya chakula, sisi tumekwisha kupata kubwa tulilolitaka, na ni kawaida mtu akirudishiwa uhai asidai na chenji.

Mtani alijitokeza. Alisema siku hizo aandikwe yeye, ndiye aliyeua. Mkuu akamwambia hana cheti cha daktari. Mtani akasema basi arudishwe majini akakilete. Watu walicheka tena, na nikaona mkuu anashika kofia yake.

Sijui niseme ni kitu gani kilichonisukuma. Labda ni kwa sababu tayari nilikuwa nimekufa mara moja mbele ya watu wale wale, na haya yangu yalikuwa yamechoka. Nilisema:

"Mzee, siku tisa zile mkono ulikuwa unauma. Maiti haumwi. Mimi sikulala."

Hakuna aliyecheka. Nadhani hata mama hakuwahi kunisikia nikisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo mbele ya mgeni. Mkuu aliitua kofia mezani. Aliitazama plasta yangu, ile ambayo wote walikuwa wanaitazama kwa majuma matatu kama kichekesho, akaigusa kwa kidole kimoja karibu na vidole vyangu vilivyovimba. Aliniuliza kama vinauma hapo. Nikasema ndiyo. Akauliza na usiku. Nikasema usiku zaidi.

Akamwambia karani asizifute siku zile, na asiziandike pia. Aziache wazi, kisha wapeleke barua juu kuuliza.

Barua ilikwenda. Majuma yangu sita yaliisha, nikatolewa plasta, nikarudi kivukoni na filimbi yangu. Mkono haukunyooka sawasawa. Ukiniona nimesimama gatini utadhani nakuonyesha njia ya kwenda sokoni, na kweli wageni wawili wamekwisha kwenda. Karani sasa anajua watani wote, na amepata wake. Mama mmoja muuza samaki humwamkia kila asubuhi kama mke mkubwa. Balozi ameniandika kwenye zamu ya kulinda ndege shambani, kazi ya kupiga kelele, akijua vizuri mimi na kelele.

Jibu kutoka juu halijafika. Kila nikiuliza, karani hufungua jalada na kunionyesha mahali peupe panaponingoja. Mtani yeye anasema hana shida, likija lolote. Wakisema siku zile nilikuwa hai, atakuja tule pamoja. Wakisema nilikuwa maiti, atadai ofisini ada yake ya kuosha na kuzika, maana alifanya kazi yote isipokuwa kuchimba.

Kwa hiyo nawaomba nyinyi mnaosoma, hasa mlioumia mkiwa kazini: wazima moto, walinzi, waongoza meli, mgambo, mtu yeyote aliyevunjika akimtoa mwenzake mahali pabaya. Niandikieni mnieleze kwenu siku za maumivu zilihesabiwaje, na kama ziko zilizoachwa wazi, mlifanya nini. Barua mpeni mtu yeyote anayekuja Lindi, aulizie kivukoni kijana wa filimbi. Akiambiwa amekufa, asirudi nayo, anisubiri.